Uso wa Babu Yako

Tukuyu mjini,
Jumatatu, 28 Juni 1993

Mwanangu Tusekile,

Ugonile, mama. Nakusalimu wewe, namsalimu Mwalimu mume wako, na huyo aliyemo tumboni namsalimu kwa sauti ya chini nisimshtue. Miguu imepungua kuvimba? Unalalia upande wa kushoto kama nilivyokuagiza? Unakula? Usinijibu kwamba unakula kidogo kidogo. Kula.

Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu inauma hadi kwenye meno. Asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, na mpaka saa nne unaongea na mtu humwoni, unaona moshi wa mdomo wake tu. Ng'ombe wetu Malindi amezaa ndama jike, ana baka jeupe begani. Baba yako mdogo Anyosisye amepewa kazi ya kupima majani kwenye kituo cha chai, na tangu siku hiyo kofia haivui hata akila. Bibi Kisa, dada yake babu yako, yupo vilevile. Meno yamebaki mawili lakini ulimi umebaki wote. Anauliza kama Mwalimu wako ameshajifunza kula ndizi au bado anadai ugali kama mfungwa.

Barua hii naiandikia hapa mjini, kwa fundi cherehani aliye mkabala na stendi, kwa sababu nyumbani Bibi Kisa angeniuliza naandika nini ukurasa wa pili wote. Fundi amenipa kiti na pembe ya meza yake, anashona sare za shule, hana habari na mimi. Mvua nyembamba inapiga bati. Nje kina mama wa maparachichi wamejifunika nailoni, wanacheka.

Barua yako niliipata, mwanangu. Nilikujibu kwa mdomo wa kondakta kwamba siwezi kuja kwa sababu mguu unaniuma. Mguu hauumi. Mguu ni mzima kabisa. Sababu ni nyingine, na sikuweza kumpa kondakta aibebe. Soma polepole, ukiwa umekaa. Hakuna aliyekufa.

Najua unachoniomba. Unataka nije nikae nawe mpaka ujifungue, nimpokee mtoto, nimwogeshe siku za kwanza, baada ya wale wawili waliokuja wakarudi. Hakuna siku niliyowasahau. Umeandika kwamba safari hii ukiniona mlangoni utajua mtoto atakaa. Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kama kitambaa. Ndiyo maana nashindwa kuja hivihivi, nikaingia mlangoni kwako na jambo ambalo hulijui.

Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa. Wewe ndiwe uliyekuwa mdomo wetu. Babu yako akitaka kupita uani alikohoa mara tatu penye kona ya zizi, nami niliacha chochote nilichoshika nikaingia migombani, nikageuza uso, mpaka apite. Chakula chake ulikipeleka wewe. Akisema chumvi imezidi, ulikuja mbio kuniambia, nami nilikurudisha mbio kumwambia ulimi wa mzee hauna imani na chumvi. Ulichoka, ukawa unakaa katikati ya ua unapiga kelele pande zote mbili.

Siku niliyoletwa pale, Bibi Kisa alinifunika kanga kichwani akaninong'oneza sikioni. Alisema baba mkwe wako hutamwona uso, naye hatauona wako. Ukivunja, utaumia tumbo, na kama si wewe, basi ataumia wa tumbo lako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Maneno hayo yaliingia hayakutoka. Wa tumbo langu niliyebakiwa naye, Tusekile, ni wewe peke yako.

Najua wenzangu wengi wameacha. Wake za vijana siku hizi wanakaa na baba mkwe benchi moja, wanakunywa chai, wanabishana habari za redioni. Hata mchungaji alishasema si dhambi. Mimi sikuacha. Baba yako alipofariki nikazidisha, na wale watoto wako wawili walipoondoka nikazidisha tena, nikawa sitazami hata blanketi la mzee likiwa limeanikwa. Miaka thelathini na mitatu. Najua kikohozi chake, najua tumbaku yake, najua kisigino chake cha kulia kina ufa, maana nauona kwenye matope. Uso sikuujua.

Tangu uolewe tulikosa wa kumtuma, tukawa tunasemezana kupitia kwa Malindi. Mzee anasimama upande wa pili wa zizi, anasema, "Malindi, mwambie mama wa nyumba hii ndizi za leo zina mawe." Nami nasema, "Malindi, mwambie mzee si mawe, ni meno yake yanayodondoka." Bibi Kisa anasema ng'ombe huyu maziwa yatakauka kwa kutumwa.

Sasa nikuambie kilichotokea. Ilikuwa Jumanne, wiki ya kwanza ya mwezi huu. Anyosisye alikuwa kituoni na majani yake, na wanaume wote wa kwetu walikuwa msibani ng'ambo ya mto. Asubuhi niliweka uji mlangoni kwa mzee, nikagonga ukuta, nikaondoka. Niliporudi kuchukua bakuli, uji ulikuwa palepale umeota utando. Fimbo hakuna. Blanketi hakuna.

Nikamwuliza Bibi Kisa, aliyekuwa anachambua maharage. Akasema jana yake kaka yake alishinda akisema anataka kuliona Ziwa Ngozi kabla macho yake hayajafunga. Bibi alidhani anaota kwa sauti. Huko ndiko babu yako alikokuwa akipanda ujanani na rika lake kila kiangazi. Lakini sasa ana miaka themanini na kitu, na sote tulijua macho yameanza kuchoka, ingawa hakutaka mtu aliseme.

Nikatazama mlima. Hapakuwa na mlima, palikuwa na ukungu tu. Nikasema namfuata. Bibi Kisa akaniambia ningoje wanaume warudi. Nikamwambia wanaume watarudi jioni na pombe kichwani, na juu kule ukingo ni kama wa ukuta, mtu akikosea hatua moja anakwenda na mawe. Akauliza nikimkuta nitafanya nini, nitambeba nimefumba macho? Nikasema nitatembea nyuma yake. Akasema, "Haya, nenda katazame kisogo." Maharage yake yalikuwa yanaangukia nje ya ungo.

Mama, nina miaka hamsini na mbili, nimezaliwa chini ya mlima ule, na sikuwa nimewahi kupanda. Tangu utoto tuliambiwa lile si ziwa la kwenda kutazama kwa mchezo. Huko hakupigwi kelele, na maji hayaonyeshwi kidole. Nilifuata alama ya kisigino chenye ufa. Ilipita shamba la mwisho la viazi, ikaingia msituni, nami nikaingia.

Sijui nikuelezeje. Ndani mle miti ina ndevu. Matone yanaanguka lakini si mvua, ni miti yenyewe inajikamua. Kuna migomba ya mwituni, mikubwa, haina mwenyewe, majani yake hayajakatwa na mtu tangu Mungu aipande. Nilijikuta nasema hodi, nami siku zote nadhani mgomba ni kitu cha nyuma ya jikoni. Kulikuwa na ndege mmoja tu, anaita, ananyamaza, kama anangoja nimjibu. Baada ya hapo ikaja mianzi, imebanana hata unapita kiubavu. Njia ikasimama wima. Nilipanda kwa mikono na magoti, natafuta kisigino kile, na kila nilipokiona nilisema asante, mzee bado ana miguu.

Nikamkuta juu kabisa. Amekaa kwenye mzizi, amenipa mgongo, blanketi mabegani, fimbo mapajani. Mbele yake ardhi imeishia pale.

Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikajibanza nyuma ya mti, nikafunika uso, nikakohoa. Naye akakohoa mara tatu. Halafu tukanyamaza wote wawili, maana Malindi hakuwepo.

Baada ya muda akasema, "Mti, mwulize huyo aliyekuja, ametumwa na nani?"

Nikasema, "Mti, mwambie mzee nimetumwa na uji wake uliopoa."

Akacheka, blanketi likatikisika. Kisha akasema, "Mti, mwulize basi, ukungu huu utaondoka saa ngapi? Nimekaa hapa tangu mapema, nangoja huu weupe unipishe nilione ziwa langu."

Tusekile, hapakuwa na ukungu.

Huko chini ulikuwepo, lakini sisi tulikuwa tumeupita, tumeuacha kama mtu anavyoacha shuka kitandani. Nikainua macho nyuma ya ule mti, na ndipo nilipoliona.

Nilipiga magoti, mwanangu. Ni shimo kubwa kiasi kwamba Tukuyu yote, na stendi na soko na boma la Wajerumani, ungeiweka mle na nafasi ikabaki. Kuta zake zimeota miti inayoning'inia kichwa chini. Na chini kabisa, maji. Nilikuwa sijui kuna kijani cha namna ile. Si cha chai, si cha mgomba. Kimetulia, hakuna wimbi wala mtumbwi, hakuna moshi wa nyumba ya mtu. Wingu lilipita juu, na maji yakabadilika mbele ya macho yangu, yakawa bluu, yakawa karibu meusi, yakarudi kijani, kama kitu kinachopumua. Nilisema Ee Kyala, Ee Mungu, halafu nikaziba mdomo kwa kanga. Kwa miaka yote hii nimekuwa namenya ndizi na kufua nguo, na kitu hiki kilikuwa hapa juu, wala hakijanihitaji kwa lolote.

Kisha nikakumbuka swali la mzee. Mtu huyu alikuwa ameketi mbele ya yote hayo, jua limemulika uso, naye anangoja ukungu uondoke.

Nilitaka kudanganya. Nilitaka kuuambia mti amwambie utaondoka kesho, twende nyumbani. Lakini mahali pale hapakuniruhusu. Nikasema, "Hakuna ukungu, mzee. Kumekucha, kweupe kabisa." Wala sikumtuma mti.

Aliinua kichwa kulielekea jua. Kisha akasema, "Kumbe ukungu ni wangu."

Na baadaye akasema nimwelezee. Nikaanza kumwelezea, naye ananiuliza. Je, ule mwamba mweupe upande wa kule upo? Upo. Umefanana na nini? Umefanana na ng'ombe aliyelala. Akasema ndiyo huo, hawajauondoa. Akauliza maji yana rangi gani, na nilipotaja yalikuwa yameshabadilika, nikataja tena, nikakimbizana nayo kama mama anayehesabu vifaranga. Akasema, "Ndivyo lilivyo. Hata sisi lilikuwa linatuchosha hivyohivyo."

Ndipo akaniambia kwamba haoni, na si kwamba anaona kidogo. Huu ni mwaka wa tatu hajaona hata mkono wake. Alitembea pale uani kwa mazoea, na mtu akimwuliza alisema macho yana usingizi. Alipanda mlima kwa miguu iliyokumbuka njia, kwa kudhani labda rangi ya maji yale ni kali kiasi cha kupenya. Nikamwuliza mbona alikuwa anakohoa penye kona ili nijifiche. Akasema, "Ningeacha kukohoa, mngejua." Halafu akaanza kucheka. "Na wewe miaka mitatu unaruka migombani kama mbawala! Nasikia majani shaa, nasikia kanga imenasa, nasikia unalaani kimoyomoyo. Namwambia Malindi, mwenzangu, tusicheke."

Miaka mitatu, mwanangu, nimekuwa namficha uso wangu mtu asiyeona. Laiti ningemtazama mara moja ningejua. Wengine walimwamini aliposema ni usingizi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nampikia, na mimi ndiye pekee nisiyeweza kujua.

Sasa nimefika kwenye jambo langu. Fundi ameniuliza kama nina baridi, nimemwambia hapana.

Ningeweza kumshusha mlima bila kuvunja kitu. Angeshika ncha moja ya fimbo, mimi ningeshika nyingine, ningetangulia nikitazama mbele. Hakuna aliyenilazimisha. Si kwamba aliteleza, si kwamba upepo ulivuta blanketi. Mimi mwenyewe nilitoka nyuma ya mti, nikazunguka, nikachuchumaa mbele yake, ziwa likiwa mgongoni kwangu, nikafunua kanga usoni, nikamtazama. Nilijiambia kwa kuwa haoni, si kosa. Lakini nilijua ni kosa, tena la kuibia.

Tusekile, ni wewe.

Paji la uso ni lako. Kile kishimo cha kidevuni, ambacho nilikuwa nakijaza maziwa kwa kidole ukiwa mchanga, kipo, kimezungukwa na mvi. Nyusi ya kushoto imepanda juu ya mwenzake kama yako unapozuia kicheko. Miaka yote nilijiuliza sura hii ulipewa na nani, maana si yangu na baba yako hakuwa nayo. Kumbe ilikuwa inaishi upande wa pili wa zizi, inakula ndizi zangu. Nimekwambia nilivyoliona ziwa. Basi uso huu ulinishinda kuliko ziwa lile.

Alisubiri. Kisha akauliza, "Umemaliza?"

Akasema yeye amesahau sura yake. Anyosisye anamnyoa kwa wembe, na wembe unamfahamu kuliko anavyojifahamu. Kwa hiyo na mimi nimwambie, nimeona nini?

Nikasema, "Baba, una sura ya Tusekile."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba pasipo mtu wala ng'ombe wala mti katikati. Akashika kidevu chake, akatafuta kishimo kwa kidole, akakipata, akakaa amekishikilia. Mimi nikataka kumwelezea nami nilivyo. Akanikataza kwa mkono. Akasema ameshatengeneza mkwe wake mwenyewe kichwani, mnene, mwenye mwanya na sauti ya ugomvi, amemzoea, nisije nikamvurugia.

Ndipo yakanirudia maneno ya Bibi Kisa, ya wa tumbo langu. Nikalia. Nikamwambia hali yako na miezi yako. Hakucheka tena. Alichukua kibuyu chake cha maji, akajaza mdomo, akapuliza kuelekea ziwani mara mbili, akazungumza na waliotangulia, mmoja mmoja kwa majina. Akawaambia kama kuna hasira, waje nayo kwake kwa sababu ni wa karibu nao, na yule mdogo wasimguse, bado hajaingia hata nyumbani. Kisha akaniambia tushuke, njaa imemshika.

Tulishuka. Bibi Kisa alisimama penye kona ya zizi, akaniuliza kama nilimwona. Nikasema kisogo. Tangu siku ile mzee anakohoa mara tatu kama kawaida, nami naingia migombani kama kawaida, na wote wawili tunajua. Juzi nilimsikia anamwuliza Malindi kama mbawala ameshapita.

Hivyo ndivyo ilivyo. Wiki iliyofuata ikaja barua yako, nami nikaogopa. Babu yako anasema yamekwisha. Bibi Kisa angesema hayajaanza. Mimi sina elimu ya kuamua kati yao. Najua tu kwamba nikija kimya, na likatokea lolote, Mungu apishe mbali, nitakuwa nimekaa kando ya kitanda chako na siri. Na nisipokuja, utajifungua unatazama mlango.

Na kuna hili nalo, nikuambie lote. Kila siku nimejaribu kujuta. Nimejaribu nikisali, nimejaribu nikichota maji. Nimeshindwa. Naogopa mpaka chakula hakishuki, lakini sijuti. Kama ungekuwa mdogo ningekuficha, ila wewe sasa ni mama, chagua mwenyewe.

Barua hii kondakta ataifikisha kesho. Mimi nitapanda gari la Alhamisi, nitafika kwako Ijumaa asubuhi. Nitasimama nje, sitapiga hodi. Ukiona moyo wako una hofu, mtume Mwalimu aje aniambie, nitampa ndizi na maziwa niliyobeba, nitatafuta mahali hapo hapo Morogoro pa kukaa mpaka nisikie umejifungua salama, na sitakulaumu hata moyoni. Lakini ukitaka niingie, usimtume mtu, mwanangu. Toka wewe mwenyewe mlangoni, nikuone uso.

Baba yako mdogo anakusalimu, Bibi Kisa anakusalimu, majirani wote wanakusalimu, na babu yako ameniagiza moja kwa moja, si kupitia kwa ng'ombe, kwamba anakusalimu sana. Mwambie Mwalimu asikuache ubebe ndoo. Ndaga fijo, asante sana, kwa kitenge, kimenikaa vizuri.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Subilaga